Sifuri ya Kiboriloni

Suuza kichupa kwa maji yale yale utakayoyapima,
mara tatu. Si mbili kwa sababu mvua inakuja.
Kifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi:
alama ya dole gumba ni wingu,
na mashine haitofautishi dole na wingu.

Ndivyo nilivyomfundisha Aikaruwa wiki yake ya kwanza,
mimi mwenye miaka kumi na mmoja kazini
na ulimi unaotangulia macho.
Anza na maji yasiyotiwa kitu, mashine ijue sifuri iko wapi.
Kisha kitendanishi: glavu, mkasi, pakiti moja.
Unga usiupulize, usiusogeze puani.
Tarehe ya mwisho isome hata kama uliisoma jana.
Funika, pindua taratibu, povu lisijikusanye,
na waridi likitokea usikae kulistaajabia,
lina dakika moja tu ya kusema kweli.

Jumanne, bomba la shule, Kiboriloni.
Waridi halikutokea.
Mashine ikasema sifuri,
nami nikaandika sifuri, kwa wino,
nikampigia Elinami kule chumba cha dawa: Ongeza.
Saa sita, sifuri. Ongeza.
Saa tisa, sifuri tena, mviringo kama yai.
Ongeza, Elinami, au umelala?

Ndipo akavuka barabara Mama Ndeanasia, mpika mbege,
mwiko mkononi, salamu ameiacha jikoni.
"Siku ya tatu leo mbege yangu haichachi.
Ndizi zile zile, ulezi ule ule,
msesewe kauleta shemeji yule yule.
Nyie mmetia nini humu?"
Nikamwonyesha kioo cha mashine. Mama, humu hamna kitu.
Akakitazama kama mtu anayekagua noti bandia.

Aikaruwa hakuwa akimtazama mama, wala mimi.
Alikuwa ameinamia ndoo.
"Dada, haya maji yananuka kama sakafu ya wodi.
Na ile rangi niliiona.
Ilichungulia, kama mgeni aliyekosea mlango,
ikarudi."

Nilitaka kumwambia anyamaze.
Nalisema hili pia, maana leo nasema yote.

Akachota sehemu moja ya maji ya bomba,
akaongeza sehemu tisa za maji yaliyokenekwa,
katika kichupa alichosuuza mara tatu.
Akafuta dole langu kwenye kioo.
Akahesabu kwa sauti ndogo.
Waridi likaja. Likakaa.
Moja nukta nne, zidisha kwa kumi:
kumi na nne, mahali panapotakiwa nusu.

Kumbe klorini ikizidi huila rangi inayoitangaza.
Kumbe kuna sifuri ya njaa
na kuna sifuri ya kuvimbiwa,
na kioo huziandika kwa mwandiko mmoja.
Mlima nao haukuonekana tangu alfajiri,
mawingu yaliufunika hadi kwenye migomba,
lakini hakuna aliyeandika daftarini kwamba mlima umekwisha.

Elinami, funga! Funga, halafu mwaga.
Tulilifunga bomba la shule kwa waya,
Aikaruwa akaandika kwa chaki ukutani: MSINYWE,
herufi zikielekea chini kidogo, mkono ukitetemeka,
watoto wakituuliza kama maji yamekamatwa.

Daftari bado lipo kabatini.
Sifuri tatu, kila moja imekatwa kwa mstari mmoja
ili isomeke,
na pembeni sahihi yangu, saa, na neno moja: nilikosea.
Hatufuti. Anayefuta hupima mara ya pili
kosa lile lile.

Siku hizi, nikifika na boksi begani,
kabla ya glavu, kabla ya mkasi,
naita ng'ambo ya barabara:
Mama Ndeanasia, imechacha?
Akijibu kwa mwiko hewani,
ndipo nafungua boksi,
nasuuza mara tatu.