Ukingoni, Newala

Umeme umekatika. Mwalimu Likapa
amepanga dira sitini mezani, mfano wa sega.
"Chukulieni ni sumaku, nyembamba
mpaka kina imekosa: unene wa chembe moja.
Ukiigusa sindano hii, haihami.
Inayumba, jirani anayumba,
habari inafika, msafiri hayupo."

Katikati ya sega wimbi limenyimwa njia.
Pembeni linapita, upande mmoja,
na kurudi halijui.

Somoe akang'oa dira tatu za pindoni.
"Na hapa je?"
"Lingezunguka pengo. Ila dira zetu haziwezi kuonyesha hilo;
linataka baridi ambayo Newala nzima haina,
hata Julai."
Tukacheka, na masweta yetu.

Jioni nikashika ndoo.
Nyuma ya bweni uwanda unaisha ghafla,
mkate uliokatwa; chini kabisa, Ruvuma.
Njia ya maji inafuata ukingo.
Mvua zilizopita ukingo ulimeguka,
ukaondoka na mkorosho wa Mama Nalyoto.
Kulipokucha njia ilikuwa imeshapita nyuma ya shimo,
na hakuna aliyeitisha mkutano.