Sentimita Nne

Giaboksi imekaa. Bolti zimekazwa,
klachi inashuka na kupanda bila kulalamika.
Kilichobaki ni ufito,
wenye urefu wa mtu aliyelala,
unaotoka chini ya goti la dereva
ukapita chini ya rafu za mikate
hadi nyuma kabisa, penye injini,
kwenda kueleza mkono umetaka nini.

Ufito huu uliielewa ile ya zamani, yenye gia nne.
Hii ina tano. Tuliing'oa kwenye gari lililopinduka
njia ya kwenda Lugo, na bei yake, alisema Eladio,
ingetosha kuzikia mtu.
Nimeuinua ufito. Haufiki.
Sentimita nne za hewa
kati ya neno na sikio.

Mvua ya Novemba inatwanga mabati.
Nimelala chali, grisi inanidondokea shavuni,
na juu yangu, kwenye kiti kilichochanika,
Eladio ameketi na kofia yake
kama anayesubiri kinyozi.
Honi ya miaka thelathini na minane
imekula sikio lake la kulia; la kushoto huchagua.
Kwa hiyo tumepatana lugha ya spana:
nikigonga sakafu mara moja, sukuma;
mara mbili, vuta;
nikigonga ovyo, acha, vidole vyangu vimo.

Nimekata kipande cha bomba, nikakichomelea katikati.
Cheche zilinionyesha tumbo la gari:
kutu, matope ya vijiji kumi na tisa,
na unga.
Unga umepenya hadi kwenye bushi,
umekandwa na grisi ukawa uji mweusi.
Niliukwangua kwa ukucha. Unga wa mwaka gani huu?
Dosinda, aliyekuwa akipakia,
ana mwaka wa sita kaburini.

Bushi mpya, nyeupe kama jino la mtoto.
Nati, lakini nisiikaze bado.
Ufito hufungwa gia ikiwa huru,
mkono hautaki kitu, giaboksi haitaki kitu;
ukikosea upana wa uzi
utaitafuta ya tatu mpaka kiama.

Nagonga. Kimya. Nagonga tena.
"Nimesukuma, Iria!" anafoka.
Huku chini hakijasogea hata kivuli.
Natazama: mjinga mimi, nimesahau pini.
Naitia. Nagonga.

Klak.

Sauti fupi, nene,
kama kufuli la mwenye mali.

"Hiyo ni nini?"
"Ya kwanza!"
"Ya kwanza haikai hapo. Hapo ni rivasi."
"Ilikuwa! Zimebadilishana viti!"
Akanyamaza. Kisha nikasikia mkono wake,
bila kugongewa, ukienda huku na huku,
kama mtu anayepapasa ukuta gizani
kutafuta swichi
katika nyumba aliyohamia jana.

Saa kumi na moja alfajiri alipakia mikate,
akaniaga kwa kidole kimoja,
akatia ya kwanza,
akarudi kinyumenyume hadi kwenye ndoo yangu ya mafuta machafu.
Sikucheka.
Nilicheka kidogo.

Njia yake yote ni kona na kuta za mawe,
isipokuwa mahali pamoja, baada ya kiwanda cha mbao:
mita mia nane zilizonyooka, ukungu pande zote.
Wakaao hapo wanasema injini ilishusha pumzi,
gari likapita kimya,
na mama mmoja aliyezoea kuamshwa na ile kelele
akachelewa kutundika mfuko wake langoni.

Adhuhuri kwangu pia palitundikwa mfuko wa kitambaa:
mkate mzima, bado una joto,
pesa zangu, pungufu ya euro ishirini,
na karatasi iliyoandikwa kwa penseli butu:
Ya tano ipo.