Daftari la Vipimo

Nina daftari, jalada la bluu lililolowa mafuta ya cherehani,
nimelianza Ng'ambo mwaka ule niliopanga fremu hii.
Kila mwanamume wa mtaa yumo humu kwa inchi:
bega, mkono, kifua, kiuno.

Lutonja wa reli, kiuno thelathini na mbili.
Hiyo ni suti ya harusi.
Thelathini na sita, mtoto wa pili.
Arobaini: kapandishwa cheo, sasa anafanyia kazi kitini.
Arobaini na nne. Tulicheka siku ile, akanipiga begani:
"Achia kidogo, fundi, mambo yamenyooka."
Nikaachia. Kuachia ndiyo kazi yangu.
Hakurudi kuichukua. Ipo pale, kwenye msumari.

Mwalimu Mihayo, kifua arobaini na mbili.
Alikuwa anasahihisha mitihani, akasema kiungulia,
akaomba magadi kidogo kwenye maji.
Kaseko wa tumbaku alisema gesi.
Yule mwingine wa Isevya, jina limefutwa na mvua,
aliona mkono wa kushoto unakufa ganzi
akasema ameulalia vibaya.
Msibani walinong'ona: mpaka wa shamba, mizinga ya asali,
nani alimtazama vipi.
Mimi nilikuwa nahesabu umri kwa vidole, mfukoni mwa kanzu:
arobaini na saba. Hamsini na moja. Arobaini na tisa.

Futi yangu imezunguka vifua hivi vyote,
imelala palepale,
inchi moja au mbili toka kwenye kitu kinachogonga,
ikasoma kitambaa tu.

Sidhani ni uchawi. Uchawi hauna subira hii,
ya kumngoja mtu amalize nyumba, asomeshe,
anunue pikipiki ili asitembee tena hadi stesheni.

Jana, mlango nimeshaurudisha, umeme umekatika,
nilijizungushia futi mwenyewe.
Nilidanganya kama wanavyodanganya wote,
kwa kubana pumzi.
Kisha pumzi ikanishinda
na futi ikateleza mpaka pale ilipotaka.
Sikuandika namba.

Nyamizi, mke wangu, ameweka kadi ya kliniki ya Kitete
ndani ya daftari, kati ya Lutonja na ukurasa mtupu.
Hajasema neno.
Nimeishika: kipande cha karatasi,
chepesi kuliko mfuko wa shati.
Kesho Jumatatu.
Nina suruali tatu za kuachia.