Kufunga

"Umefunga?" nilimuuliza saa nne asubuhi
kama ninavyomuuliza kila anayekunja mkono wa blauzi
mbele ya meza yangu, hapa Kisumu.
"Nimefunga," akasema mama, macho dirishani.

Nikamtoa damu. Mirija sita ikazunguka mashineni, ikatulia.
Mitano ilikuwa na maji ya rangi ya nyasi kavu.
Wa sita, Nereah Akeyo, miaka hamsini na tisa, Obunga,
mweupe kama maziwa.

Maziwa hayo nayajua yalikotoka.
Alfajiri, karai la kwanza, mgongo wazi mmoja ulivunjika
(minofu yake ilishapanda ndege zamani)
na kilichovunjika hakiuziki.
Akaung'ong'ona mpaka shavuni, mpaka nyuma ya jicho,
akalamba vidole.

Huko chini nyongo iliyapasua mafuta
kama sabuni kwenye sufuria.
Kisha seli ya utumbo, isiyo na mkono,
ikaokota vipande, ikaviunga upya,
ikavivika protini
jinsi yeye anavyofunga samaki kwa gazeti la wiki jana.
Damu ni nchi ya maji;
mafuta hayavuki humo bila karatasi.
Wala hayakupita mlango wa ini kwanza.
Yalipanda kwa njia ya limfu, polepole,
yakaibukia chini ya mtulinga wa kushoto,
hapo hapo anapotundika mkoba wa chenji.

Juzi nililisha seli kama hizo kwenye sahani ya plastiki.
Za asidi ya zeituni zilifunga vifurushi vinono, zikavituma.
Za asidi ya mawese zilisita:
vichache, vidogo, mengine zikayaficha ndani.
Daktari Wekhomba alitaka grafu tu.
Nikachora grafu.

"Mama, ulikula nini?"
"Chai."
Nikauinua mrija kwenye mwanga.
Akautazama kama mtu aliyeonyeshwa picha yake
bila kuambiwa anapigwa.

"Kesho urudi. Na ufunge."
Akacheka mpaka akashika meza.
"Mwanangu, nimefunga tangu saa kumi na moja!
Arobaini na wawili nimefunga,
magazeti yakaniishia."

Nikambandika pamba.
Kiwiko chake kilinuka karai.
Kwenye fomu, palipoandikwa *hali ya mgonjwa*,
kalamu ilikaa muda mrefu
bila kuandika.