Bibi wa Kopa

Baba aliwaambia wateja kwamba nachora kadi za harusi.
Sikumkanusha. Umeme ulikuwa umekatika,
na nyuma ya mabunda ya vitenge na hariri ya Surat
nilikuwa na mshumaa, kalamu tatu
na mabasha wanne wasio na nyuso.

Ni karata, Baba. Hamsini na mbili.
Kadi ni ya kualika watu. Karata hualika mikono.

Uru niliupaka kijani cha malakaiti.
Shupaza likawa koleo la wachimbaji wa Kawama,
mpini umefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Pau likawa ua la jakaranda, lile ambalo mwezi wa kumi
huangukia gari la padri bila kuomba ruhusa.
Kopa nililiacha kopa,
maana ndilo neno lile lile la kukopa,
na yetu mimi na Kabedi ni ya mkopo:
Jumapili, saa mbili tu, chumba cha dada yake,
redio juu.

Mgongoni mwa kila karata, msalaba wa shaba,
umezungukwa na embe dogo lenye shingo iliyopinda,
lile la kwenye sari zote za dukani.

Basha alinisumbua.
Kwenye karata ni mfalme. Vinywani mwa watu
ni jina la kumtupia mwanamume ampendaye mwanamume.
Kama shoga: mama zetu waliitana hivyo juu ya uzio,
kikombe cha sukari mkononi,
kabla neno halijaokotwa likawa jiwe.
Kabedi, anayechapa fulana za misiba na za kampeni,
alicheka mpaka wino ukamwagika:
nusu ya kazi, alisema, lugha imeshatufanyia.

Basi basha wa shupaza nilimgawa katikati,
masharubu kulia, kipini cha pua kushoto,
kama yule mungu wa kalenda aliye juu ya kasha la fedha,
mume upande huu, mke upande ule.
Miaka thelathini anatazama watu wakihesabu faranga.
Hakuna mteja aliyewahi kuuliza.

Hijra nilimweka kwenye jokari,
viganja vyake vikipigana makofi
kama walivyokuja, anasimulia bibi, mlangoni kwao Jamnagar
siku kaka yake alipozaliwa.
Kabedi akaichana.
*Muntu wa kubariki batoto, weye unamuweka pa jokari?
Jokari banamuchekaka.*
Nikamchora upya. Sasa ni ree.
Basha akimwona, anashuka.

Halafu bibi wa kopa.
Sura za karata zina vichwa viwili,
kimoja juu, kimoja chini; geuza utakavyo,
hakuna wa kusimama kichwachini.
Hapo nikatuweka sisi:
Kabedi na nywele zake za uzi,
mimi na tone jekundu kwenye paji,
kiuno kimoja.

Bibi Kanta alizikuta mezani kabla sijazificha.
Bibi Kanta, anayecheza karata kila alasiri
na kuiba kila alasiri.
Akatuita, akagawa, mimi, Kabedi, mjomba Harshad.
Mjomba alitazama zake, akakohoa, akatazama saa.
Bibi akamleta bibi wa kopa karibu na miwani.
Akamgeuza. Akamgeuza tena.
Nje mtu alikuwa akivuta kamba ya jenereta, haiwaki.
Mkono wa Kabedi chini ya meza ulikuwa baridi kama mkasi.

*Namba iko kadogo,* akasema. *Siye bazee hatuone.*

Akampiga juu ya ghulamu wa mjomba, akazoa mkono,
akadai chai.

Usiku nilizihesabu: hamsini na moja.
Najua anapoficha anachoiba,
kwenye pindo la sari, pamoja na funguo za ghala.
Sikwenda kuuliza.
Niliwasha mshumaa mwingine, nikakata kadibodi,
nikaanza na namba, kubwa,
kisha kiuno.