Meza ya Maji, Kilomita ya Thelathini na Tano

Mimi sikimbii. Goti langu lilishasema lake
mwaka ule nilipoteleza ngazini Ruwi.
Kazi yangu ni meza, ndoo mbili za barafu, sifongo,
na daftari la shule lenye picha ya ngamia,
ambalo hakuna aliyeniomba niliandike.

Mwaka wa kwanza: wanaume arobaini na mmoja.
Wanawake hawakualikwa.
Walianza saa moja asubuhi, jua limeshavaa viatu.
Walipita kwangu kumi na wanne, wakafika tisa.
Nikaandika tisa, nikakusanya chupa guniani.

Mwaka wa tatu wakaja wanawake kumi na wawili.
Bwana Thuwaini wa kamati akaniuliza,
"Hawa watafika huku?"
Nikamwambia, barafu haijauliza.
Walifika saba.
Yeye alikuwa amekwenda kunywa chai.

Mwaka wa tano mbio zikahamishiwa usiku.
Taa za Kornishi ya Matrahi zikamwaga siagi juu ya lami,
paka wa soko la samaki wakakaa mstari kama waamuzi.
Joto halikuondoka.
Lilikaa kitako barabarani, likangoja nyayo.

Sasa nikwambie habari ya mguu.
Mwaka wa tatu, na wa nne: Chelagat, Kenya.
Mguu wa kushoto hupinda ndani kidogo,
kama mtu anayefunga mlango kwa kisigino
kwa sababu mikono imejaa.
Mwaka wa sita Chelagat hayumo.
Yumo Najat, bendera ya majirani zetu wa Ghuba,
jina jipya kifuani, pini nne,
na mguu uleule unafunga mlango uleule.

Niliandika Najat. Kalamu ikasita.
Nikachora mshale mdogo, kurudi ukurasa wa nyuma.

Alipoifikia meza midomo ilikuwa na chumvi nyeupe.
Nilimpa sifongo, na Kiarabu changu kikanikimbia,
likanitoka la mama yangu, la Unguja:
"Pole mwanangu. Kidogokidogo."

Akageuka.
Kilomita ya thelathini na tano mtu hageuki.
Aligeuka mwili mzima, akasimama,
akasema, "Shikamoo."

Sekunde tatu. Labda nne.
Marahaba yangu ilimkuta mgongoni.

Alikuwa wa nne. Medali ni tatu.
Alizidiwa kwa sekunde ngapi sijui;
karatasi ya matokeo ilibandikwa ukutani kwa wiki nzima
na wiki nzima nilipita upande wa pili wa barabara.
Katika safu ya muda, mbele ya jina lake,
niliandika: shikamoo.

Mwaka huu kamati imetoa kitabu cha historia,
karatasi za kung'aa, mabingwa wote, bendera zote.
Bwana Thuwaini yumo, ukurasa wa pili, anatabasamu.
Nimekitafuta kile kimshale, hakimo.
Kitabu kizuri, lakini. Kizito.
Nimekiweka chini ya ndoo ile inayoyumba.