Mkunazi

Zima jiko kwanza, Mizna.
Ondoa sufuria, iweke juu ya kitambaa kile kilichoungua pembeni,
uhesabu mpaka hamsini, kwa Kiarabu au kwa Kiswahili,
mvuke haujui lugha, unajua kuunguza tu.

Najua ni Julai. Najua hapa ni Sibu,
saa tano za usiku na ukuta wa jikoni bado una homa.
Baba yako keshasema lake:
"Fungueni dirisha, mvuke huo hapo, wa bure!"
Mwache. Yeye uso anauosha kwa sabuni ya vyombo.
Nje, ngozi inatota jasho lisilo na faida;
ndani, kiyoyozi kinaitafuna kutwa
mpaka ukicheka unaisikia inalia kama karatasi.

Haya. Zaatari ya mlimani, ncha za vidole viwili.
Mrehani, ule wa kwenye kopo la maziwa pale roshani,
usiukate, uchume, unajua kukasirika.
Waridi kavu za Jabali Akhdhari
alizozipigania shangazi yako Shinuna
mpaka muuzaji akamwambia chukua, mama, chukua uende.
Karafuu moja.
Moja, Mizna.
Mimi nilitia saba, siku mbili kabla ya harusi yangu,
nikaibuka na uso kama kamba wa kuchemsha,
ndiyo maana picha zote nimeinamia maua.

Sasa nipe ule mfuko wa nyuma ya mchele.

Usiniangalie hivyo.
Ndiyo, ni majani ya mkunazi.
Ndiyo, ndiyo yale.

Mwezi wa Machi tuliingia chumbani watatu,
mimi, Zuwena, na Bi Thuweiba mwoshaji,
tukayavuruga majani haya kwenye ndoo mpaka yakatoa povu,
na mimi nikapewa kichwa.
Nikamwosha bibi yako uso.
Mara ya kwanza mkono ulitetemeka.
Mara ya pili nikaona mashavu yake,
miaka sabini na tisa, laini kama unga uliochekechwa mara mbili.
Bi Thuweiba, aliyekwisha osha nusu ya mtaa huu,
akasahau adabu ya mahali pale, akanong'ona:
"Huyu alikuwa akipaka nini?"
Astaghafiru, Mizna, nilikaribia kucheka.
Hakupaka kitu. Alhamisi kwa Alhamisi
alijifunika shuka juu ya bakuli la bati
na mtu asimsemeshe,
hata mgeni, hata simu, hata babu yako anayetafuta miwani.
Kisha kafuri, kisha sanda, kisha wanaume wakabisha hodi.

Mfuko ukabaki nusu.
Kuutupa sikuweza. Kuugawa, nitamwambia nini mtu?
Nikausukuma nyuma ya mchele,
kila nikipika pilau nauona sikio lake,
naufunika.

Leo umekuja na chunusi zako tatu na mtihani wako,
unaniuliza kuna dawa gani,
na mkono wangu ukaenda wenyewe.
Mti ni mmoja, mwanangu.
Yeye mwenyewe alinioshea nywele kwa majani haya nikiwa arobaini yako,
huku wewe unalia chumba cha pili
na maziwa yananichuruzika.

Kijiko kimoja. Koroga.
Inama, lakini usiubusu; shibiri moja na nusu.
Funga macho. Taulo lifike mabegani, usiache mlango.
Dakika saba. Ukisikia kuchomachoma, toka upumue, si mashindano.
Baadaye maji ya baridi, na usisugue,
gusagusa tu, kama unayekausha jani.

Nini? Sisikii, sema kwa sauti.

Kunanukiaje?

…

Sogea kidogo.
Sogea, taulo ni kubwa.